Sauti ya Tatu Bondeni

Asubuhi niliyotoka kwetu Jadida sikuwa na safari yoyote. Niliamka, nikanywa chai kwa kipande cha mkate, nikatia mashati mawili na kikoi kwenye mkoba, nikamwambia dada yangu nakwenda. Hakuniuliza wapi, alishachoka kuuliza. Alitaka kujua tu kama nitakuwepo Ramadhani ikiingia. Nikamjibu inshaallah, akacheka kwa pua. Niliacha skuli nikiwa darasa la sita, na tangu siku hiyo sijaweza kukaa mahali pamoja. Sikimbii kitu. Nikiona watu wanafanya jambo nataka kujua wanalifanyaje, na nikishajua, nataka kwenda kuwaona wengine.

Nilipanda gari ya kwanza iliyokuwa inaondoka, nikashuka pale harufu ya karafuu iliponizidi nguvu. Ulikuwa msimu. Kila penye uwazi pembeni mwa barabara palitandikwa majamvi, na karafuu zilizochumwa jana zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Mzee mmoja alikuwa akizigeuza kwa mguu, polepole, kama mtu anayetafuta pete mchangani. Nilimuuliza kama kuna wanaotaka wachumaji. Alinitazama mikono, akaniambia niteremke bondeni nikamuulize mkuu wa kambi.

Mkuu wa kambi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nene kuliko kifua chake.

"Umewahi kupanda mkarafuu?"

"Nimewahi."

"Umewahi kuanguka?"

"Bado."

"Basi usije ukaanzia kwangu."

Akanipa kamba na pakacha, na kazi ikawa imeanza.

Asiyewahi kuchuma karafuu hudhani kwamba wachumaji huonana. Hawaonani. Majani ya mkarafuu ni mazito, na ukishapita nusu ya mti unakuwa kama umeingia chumbani na kufunga mlango. Unaona matawi yako, vishada vyako, na kipande cha anga. Mwenzio anaweza kuwa mti wa tatu kutoka kwako na usijue kama yupo hai. Ndiyo maana mkuu wetu alikuwa na desturi yake. Kila baada ya muda alipaza sauti kutoka mtini kwake: "Mpo?" Na sisi tukajibu mmoja baada ya mwingine, kwa zamu ileile, pasipo kugongana.

Wa kwanza kuita alikuwa yeye mkuu. Wa pili alikuwa mtu mmoja wa makamo ambaye koo lake lilikwaruza kama bati linaloburutwa. Wa tatu alikuwa mtu wa Chokocho, mwembamba, mwenye mikono mirefu, aliyekuja kambini na mkewe. Wa nne nilikuwa mimi. Nyuma yangu walikuja ndugu wawili ambao walijibu kwa pamoja kana kwamba wamenunua sauti moja kwa ubia.

Zamu hiyo ilipangwa siku ya kwanza, kufuata miti tuliyokuwa tumepanda: kutoka mgongoni mwa kilima kushuka mpaka chini. Mtu wa Chokocho alikuwa ameanzia penye mfenesi mkubwa, karibu nusu ya mteremko, basi akawa wa tatu. Siku zilizofuata miti ilikwisha, watu wakahama, mmoja kulia, mwingine ng'ambo ya kijito. Lakini zamu haikuhama. Hakuna aliyeona haja ya kuibadilisha, maana tulikwisha kuizoea.

Mtu wa Chokocho hakujibu "nipo" kama sisi. Alijibu "Labeka", kwa sauti nyembamba ya mtoto wa kike aliyeitwa na mama yake. Kila mara wanawake waliokaa chini karibu na kijito, wakichambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake, walicheka.

"Mume wako huyu ulipomuoa ulimkuta na heleni?" mmoja alimuuliza mkewe siku ile ya kwanza.

"Nilimkuta nazo, nikamvua," mke akajibu bila kuinua uso kwenye jamvi. "Kumbe mazoea hayavuliki."

Nilimpenda mtu yule kwa sababu alivumilia maswali yangu. Nilikuwa nikiuliza sana. Kwa nini tawi kavu linalia kabla ya kuvunjika na bichi halilii? Kwa nini karafuu ikichanua inakosa thamani? Mwenye koo la bati aliniambia kwamba ningebaki skuli maswali hayo yangekwisha zamani na watu wazima wangepumzika. Mtu wa Chokocho alisema, "Hapana, mwacheni aulize. Mimi mwenyewe nilitaka kuyajua haya, nikaona aibu."

Mchana mmoja, tukiwa tumekaa tunakula muhogo na dagaa, liliniingia jambo. Niliwaambia wafumbe macho, kisha nikawauliza: tangu tukae hapa mmesikia nini na nini, kwa mpango wake, kipi kwanza na kipi baadaye? Mwenye koo la bati alianza bila kusita. Kuti limeanguka. Mbuzi amelia. Pikipiki imepita. Adhana. Halafu kuku. Wote wakakubali, na mimi nilikuwa na mpango huohuo kichwani.

"Sawa. Na kila kimoja kilitokea wapi?"

"Pikipiki barabarani, itatokea wapi tena?"

"Ulisikia kwamba iko barabarani?"

"Wewe, pikipiki ikipita bondeni kwenye matope?"

Wakacheka. Lakini mimi nilikuwa nimeiangalia pikipiki ile. Ilikuja kwa njia ya miguu iliyo upande wa pili, ikapita nyuma ya migongo yetu, kijana amebeba magunia. Mwenye koo la bati hakusema mahali alipoisikia pikipiki. Alisema pikipiki zinapokaa. Niliwageukia wengine. Mbuzi naye walimweka zizini, ingawa alikuwa amefungwa kijitoni tangu asubuhi. Kila sauti waliipeleka mahali ilipozoea kukaa. Niliona ni mchezo mzuri, nikafurahi nao kutwa nzima. Sikujua nimeona nini.

Siku iliyokuja kutuharibikia tulisali adhuhuri, tukala, tukarudi mitini. Simu zetu zilikuwa dukani barabarani zikichajiwa. Hakuna anayepanda mkarafuu na simu mfukoni, mara moja tu ukiinama imekwenda. Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Nilikuwa juu, nimefunga tawi kwa kamba nilivute kwangu, nikasikia mlio mkavu wa tawi linalokatika. Baada ya mlio ule ukaja mchakacho mrefu wa majani, kama mtu anayepitisha fagio juu ya makuti. Baada yake kishindo kizito, kifupi. Kisha ndege waliruka wakipiga kelele. Kisha kimya.

Mkuu aliita, haraka kuliko kawaida yake. "Mpo?"

"Nipo," akasema mwenye koo la bati.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kungoja zamu yangu. Sauti ya tatu haikuja. Nilikaa na mdomo wazi, na zamu yangu haikufika.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka sote tulikutana penye mfenesi, tunahema, bila aliyetuambia tukutane hapo. Mkuu alitokea juu, ndugu wawili walitokea chini, mimi nilipita katikati ya miiba. Kila mmoja alikuwa amekimbilia mfenesi kwa sababu alisikia tawi likivunjika penye mfenesi. Mimi pia nilisikia hapo. Ningeapa.

Penye mfenesi hapakuwa na mtu. Palikuwa na majani yaliyooza, na alama za kamba kwenye shina la mkarafuu uliokwisha kuchumwa siku nyingi.

"Si alihama hapa," mwenye koo la bati akasema taratibu.

Kweli alihama. Sote tulimwona akihama. Asubuhi ileile nilimwona akipita na pakacha lake begani, akasema kuna mti umesahaulika na karafuu zake ziko karibu kuchanua. Hakusema uko upande gani, au alisema na mimi nilikuwa nauliza jambo jingine. Masikio yetu yalikuwa yameendelea kumweka pale alipoanzia. Siku nzima alijibu labeka kutoka mahali pengine, na siku nzima tulimsikia mfenesini.

Mkewe alikuja akikimbia, kanga imemteleza begani. Hakupiga kelele. Alimtazama mkuu.

"Yuko wapi?"

"Tunamtafuta, binti yangu."

"Nyie ndio mlioko juu. Hamkusikia?"

"Tumesikia."

"Basi yuko wapi?"

Mkuu aliinua mikono, akatunyamazisha, mpaka mmoja wa ndugu wawili alipoacha kuhema kwa mdomo. Halafu akaita, kwa sauti yake yote, "Upo?"

Tukasikia. Haikuwa labeka. Ilikuwa "naam", dogo, la mtu mzima, limetoka kifuani bila pumzi. Yu hai. Na kila mmoja wetu aliinua mkono kuonyesha lilikotoka, na mikono ikafunguka kama vijiti vya mwavuli. Mkuu alionyesha juu. Ndugu wawili walionyesha kijitoni, lakini si sehemu moja. Mimi nilionyesha kulia kwangu. Mwenye koo la bati alikuwa ameanza kuonyesha mfenesi tuliosimama chini yake, akaushusha mkono kwa haya.

Mkuu aliita tena. Aliita mara nyingi. Halikuja tena.

Basi tulikuwa na naam moja, na bonde zima. Nimefikiri sana juu ya dakika zile. Tulianza kulijadili. Huyu akasema lilikuja baada ya mwangwi wa sauti ya mkuu, yule akasema kabla. Huyu akasema lilitoka chini ya kitu, kama ndani ya shimo. Nilipolisikia mara ya kwanza nilikuwa na hakika, upande wa kulia, mbali kidogo. Kila tulivyozidi kulisema ndivyo lilivyozidi kuhama, mpaka nikawa sijui kama nakumbuka naam lenyewe au maneno ya wenzangu. Mpango wake tulikuwa nao sote, barabara, hata leo naweza kuusema: tawi, majani, kishindo, ndege, kimya, naam. Mahali pake hakuna aliyekuwa napo.

"Mimi nimemsikia karibu," mkewe akasema.

"Karibu na wapi?"

"Karibu nami. Lakini huyu namsikia karibu siku zote." Akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. "Msinifuate mie."

Hatukumfuata. Tuligawana bonde, mti kwa mti. Unapita chini ya mkarafuu, unatazama juu, unatazama chini, unakwenda unaofuata. Miti ya karafuu imefanana. Nilikuta miti ambayo nilikuwa nimeshaipita, nikajua kwa nyayo zangu mwenyewe. Mmoja wa ndugu alipelekwa dukani kupiga simu, akarudi na watu wa barabarani, na wao wakawa wanauliza mlimsikia wapi, na sisi tukawa tunajibu, kila mmoja lake. Mkewe alikuwa akitembea kijitoni, anakwenda na kurudi, anamwita kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwita mtu aje ale.

Kivuli kilikuwa kimeshalijaza bonde, jua limebaki juu ya minazi tu, mwenye koo la bati alipoona karafuu mbichi zimemwagika ukingoni. Pakacha lilikuwa limenasa kwenye tawi la chini. Mtu wa Chokocho mwenyewe alikuwa ameteleza mpaka ndani ya korongo dogo lililofunikwa na magugu, ng'ambo ya kijito, nyuma ya pale wanawake walipokaa kutwa wakichambua. Alikuwa karibu na jamvi la mkewe kuliko alivyokuwa karibu na yeyote kati yetu. Kati yake na jamvi palikuwa na magugu na maji yapitayo kwenye mawe.

Alikuwa amefumbua macho. Aliomba maji. Mkuu akasema asipewe mengi. Mkewe alichuchumaa akamshika uso, akamfuta mchanga puani kwa kidole.

"Nimekujibu," mume akasema.

"Nimesikia."

"Mara nyingi nimekujibu. Sauti ndiyo haitoki."

Halafu akatuambia kwamba miguu haisikii. Aliyatamka vile mtu anavyosema mvua imekatika. Tulimtandikia kitanda cha kamba, tukampandisha nacho mpaka barabarani, watu wanane wakipokezana, na kila tulipoteleza alifumba macho asitutie aibu. Gari ilikuwa inangoja. Mkuu alipanda mbele, mimi nilikaa nyuma pamoja na mkewe, nikaushika mguu wa kitanda usiteleze. Sikuambiwa nipande. Wengine walikuwa na watu wa kuwarudia. Mimi sikuwa na wa kunisubiri.

Hospitali walimpokea, wakampa dawa ya maumivu, akalala. Asubuhi daktari alimwambia mkewe, mimi nimesimama pembeni, kwamba ni uti wa mgongo, na kipimo chake kinataka avuke kwenda Unguja. Atavushwa keshokutwa. Atatembea? Daktari alisema hawezi kusema. Alikuwa mtu mpole, na alisema hivyo akimtazama usoni, lakini hakuweza kusema.

Mke alinivuta nje, penye vyungu vya maua.

"Shemegi, nna maneno na wewe."

"Sema, dada."

"Mama yake yuko Chokocho. Hajui. Sitaki apigiwe simu, moyo wake si mzuri, na wa kumpigia ni jirani ambaye atayasema mpaka msikitini. Nenda wewe ukamwambie kwa mdomo. Umlete kabla hajavushwa. Mie siwezi kumwacha mtu peke yake hapa."

"Nitamwambiaje?"

"Mwambie kama ilivyokuwa. Wewe si ndiye unayependa kujua mambo."

Hakusema kwa kebehi. Alikuwa hajalala.

Nilifika Chokocho mchana, kwa gari iliyonishusha Kengeja, kisha kwa miguu yangu. Sikuwahi kufika huko. Nilielekezwa nyumba yenye mlango wa buluu, nikapiga hodi, akatoka mama mrefu, mikono ileile ya mwanawe, unga wa muhogo viganjani.

"Nashikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka wapi?"

"Natoka kwa mwanao. Yu hai."

Nilikuwa nimepanga njiani nianze na hayo. Alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, akakaa kwenye baraza, akanionyesha nami nikae. Nikamwambia. Nilimpa kila kitu kwa mpango wake, tawi, majani, kishindo, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Na aliita?"

"Aliitika mara moja. Yeye anasema ni nyingi. Sisi tulisikia moja."

"Mlikuwa wangapi?"

"Sita pamoja na mkewe, kabla ya watu kuja. Na wanawake."

"Nyote mna masikio."

"Tunayo, Bi mkubwa."

"Na aliitika. Na hamkujua alipo mpaka jua linakuchwa."

Hakuwa amekasirika. Alikuwa akiliweka jambo sawa ili aweze kulibeba. Nilitaka kumwambia juu ya mfenesi, na zamu iliyopangwa siku ya kwanza, na jinsi sikio linavyomrudisha mtu mahali pake pa zamani. Nilianza. Niliona uso wake unanifuata kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni anayesema lugha asiyoijua, nikaishia hapo.

"Miguu haisikii kabisa?"

"Jana haikuwa inasikia."

"Na leo?"

"Sijui. Nimeondoka amelala."

Aliinuka. Aliuliza wanavusha lini, nikamwambia keshokutwa, boti ikiondoka. Gari ya leo ilikuwa imekwisha kupita; ya kwanza ni ya alfajiri, na lazima tuifuate kwa miguu mpaka Kengeja. Alisema goti lake moja halimtii, atahitaji bega. Nikasema nipo.

"Una pa kulala?"

"Popote tu, hata barazani."

"Barazani wanalala mbuzi."

Alinipeleka chumba cha uani. Kilikuwa cha mwanawe na mkewe. Palikuwa na kitanda, chandarua kilichofungwa fundo, na dirisha dogo linalotazama migomba. Alifungua sanduku, akatoa shuka mbili safi, akazinusa moja baada ya nyingine. Moja aliitandika kitandani, akainyoosha pembe zote nne ingawa nilimwambia nitatandika mwenyewe. Ya pili aliikunja, akaitia kwenye mkoba wa kesho, akakaa kando ya kitanda akaishika ile zipu bila kuifunga.

"Nimpelekee na nini kingine?" akaniuliza.

Sikujua. Nilisema labda mto. Akaenda kuutafuta.